Wimbo wa Kuoshea Picha

Shamsa mwanangu,

Salamu utazipata kesho asubuhi kwa mdomo, tena nyingi mpaka dereva wa basi apige honi, kwa hiyo hapa siziandiki. Nimekaa sebuleni. Wewe umeenda Ngagara kumuaga shangazi yako, na namjua wifi yangu, hatakuachilia kabla hujala mara mbili na kulia mara moja. Baba yako yuko gereji. Begi lako liko karibu na mlango, gitaa la besi limeegemea ukuta, na kamera umeiacha juu ya kabati langu, umeiviringishia kitenge kama maiti. Astaghfirullah, nilipoiona nilishtuka.

Habari za kula vizuri, kuswali, kutoongea na kila mtu stendi, hizo sikuandikii. Umezisikia tangu una meno mawili. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilosema juzi mezani. Ulisema, "Mama, kamera nitaiacha. Kaka Rajabu amesema anataka mpiga besi, hataki mtu wa nusu nusu." Mimi nikanyamaza. Baba yako akanitazama akidhani naumwa, maana hajazoea. Sikuwa naumwa, nilikuwa na hasira, na hasira yangu ya mezani ina tabia ya kusema vitu ambavyo kesho yake mimi mwenyewe sivikubali. Nikaona bora nimeze ugali wangu.

Huyo Rajabu simchukii, usinielewe vibaya. Ndiye kiongozi wa bendi huko Dar es Salaam, amekusikia ukipiga kwenye simu tu, akakuita. Tangu hiyo siku nimeringa mtaa wetu mzima wa Buyenzi. Muuza makaa anajua. Fundi viatu anajua. Imamu nilimwambia mara mbili, akanijibu kwa upole kwamba mara ya kwanza alisikia. Mwanangu anakwenda kupiga besi kwenye bendi ya watu wazima, kwa nini nisiringe? Lakini hilo neno la nusu nusu nilishaambiwa na mimi, nikiwa mdogo kuliko ulivyo sasa, na nikalitii. Ndiyo maana nakuandikia.

Unajua kwamba kundi letu la kinamama liliitwa Jioni Njema. Unaijua na ngoma yangu, ile ambayo baba yako ameifanya meza ya redio. Usichokijua ni jinsi tulivyofanya kazi, kwa sababu ulipopata akili mambo yalikuwa yamebadilika. Miaka ile kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku, kwa hiyo sherehe ya hina ilianza baada ya adhuhuri. Uani, chini ya turubai, mlango umefungwa, wanaume wote nje. Ndani wanawake wanavua mabuibui, wanafungua nywele, wanacheza kama hawana waume, hawana wakwe, hawana magoti mabovu. Mwanamume akichungulia anarushiwa ndara, na ndara za Buyenzi hazikosei.

Sasa nani apige picha humo? Wapiga picha wa mji huu wote walikuwa wanaume. Bibi harusi alipigwa picha siku ya pili, amekaa kwenye kiti, amejifunika, amenuna kama aliyefiwa. Ile siku yenyewe, siku aliyocheka mpaka akashika mbavu, haikubaki popote. Mjomba wako aliporudi kutoka Kigoma na kamera kuukuu, akaniachia nichezee, mimi nikaiingiza uani. Niliivaa shingoni, nikaifunika na kanga, nikakaa nyuma ya ngoma yangu kama kawaida. Mama Mwajuma, mwimbaji wetu, alikuwa na sehemu anaimba peke yake bila ngoma. Hapo ndipo nilipoitoa.

Nikuambie jambo moja la kazi, kwa hili sina haya kujisifu. Mpiga picha anayetoka nje hukaa anasubiri watu wainue mikono. Mimi sikusubiri. Mimi ndiye niliyewainulisha. Nilijua nikiacha kupiga, Mama Mwajuma atavuta pumzi, atashusha sauti, halafu shangazi wa bibi harusi lazima atapiga kigelegele, na wakati huo huo bibi harusi atarusha kichwa nyuma. Nilijua kwa sababu wimbo ulikuwa mikononi mwangu dakika hiyo hiyo. Kidole kilikuwa kwenye kamera kabla kigelegele hakijatoka. Na nikirudi kwenye ngoma, nilirudi nimeona nyuso zao kwa karibu, najua nani amechoka, nani bado ana moto, nani anahitaji kusukumwa kidogo. Macho yalinisaidia mikono, na mikono ikanisaidia macho. Ukiniuliza ipi ilikuwa nusu na ipi nusu, siwezi kukuonyesha mpaka leo.

Kisha nikaharibu.

Filamu niliipeleka kwa Papa Kasongo, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa na studio karibu na soko, kazi yake kubwa picha za vitambulisho. Mtu mwema sana, Mkristo, fundi hasa. Nilimpa filamu ya sherehe ya hina ya Zaituni bila kumwambia ni ya nini. Niliona aibu kumwambia, halafu niliona raha asijue, aione kama picha tu, aniambie kama naweza ao siwezi. Papa Kasongo akaisafisha, akaona moja akaipenda mno. Zaituni katikati ya ua, nywele wazi, mikono juu, hina mpaka kwenye viwiko, mdomo wazi kwa kicheko. Maskini, hakujua. Kwao picha nzuri ya bibi harusi inawekwa watu waione, ndiyo heshima yenyewe. Akaikuza kubwa, akaiweka kwenye kioo cha dirisha, mbele ya vile vichwa vyote vya vitambulisho.

Nilipita hapo Alhamisi nikaiona. Shamsa, sikuingia kumwambia aitoe. Nilisimama nikaitazama. Watu walisimama pia, mmoja akasema, "Huyu aliyepiga hii foto iko fundi." Nikaenda nyumbani nimevimba kichwa, nikalala usingizi mtamu. Ijumaa watu wakatoka msikitini, njia yao ni hiyo hiyo. Baba mkwe wa Zaituni alikuwa mmoja wao.

Mengine mtaa umekusimulia, na mtaa unapenda kumtupia lawama Papa Kasongo. Mimi nakwambia yangu. Zaituni alikaa ndani wiki nzima hata dukani hakwenda. Wakwe zake wakanuna. Na Jioni Njema tukafungiwa milango. Nani atawaita watu wanaobeba siri za uani na kuzitundika sokoni? Mama Mwajuma akanijia hapa nyumbani, hakukaa, hakunywa chai. Akasema, "We Salama, we ni mutu wa nusu nusu. Leo utachagua. Ngoma ao hiyo aparey."

Nikachagua ngoma. Kamera nikaipeleka kwa Papa Kasongo aniwekee, maana nikiiona ndani ya nyumba nitaigusa.

Sherehe zikarudi moja moja, na mimi nikapiga ngoma kwa moyo mzima, kama nilivyoamriwa. Loo! Nilipiga vibaya. Sikukosea mapigo, hapana, mapigo yalikuwa safi kuliko zamani. Lakini nilikuwa naangalia ngozi ya ngoma tu. Watu wakichoka, mimi nazidisha. Watu wakipanda, mimi nashuka. Siku moja Mama Mwajuma akageuka katikati ya wimbo, akanitazama kama ananitafuta, na mimi nilikuwa palepale nyuma yake nimekaa. Sikujua kinachokosekana. Nilidhani ni adhabu ya Mungu kwa kiburi changu, nikazidi kuinamisha kichwa, na ngoma ikazidi kuwa mbovu.

Aliyenitoa hapo ni Zaituni mwenyewe. Alikuja mchana, mimi nachambua mchele, nikadhani amekuja kunitukana, nikaweka ungo chini ili nitukanwe vizuri. Akaniuliza, "Ile foto iko wapi?" Nikamwambia Papa Kasongo aliitoa siku ile ile, ameificha. Akasema, "Bibi yangu macho yanazimika. Anataka kuniona vile nilikuwa siku ile. Hakuna ingine." Nikaanza kulia, nikaanza kuomba msamaha, akanikata kauli. "Mi sikukasirika juu ya foto, Salama. Foto iko muzuri. Mi nilikasirika juu ya dirisha."

Nikaacha kulia kama mtoto aliyepewa andazi. Dirisha! Mimi miezi yote hiyo nilikuwa nimeifunga kamera, kumbe kosa lilikuwa dirishani.

Zaituni hakuwa amemaliza. Mdogo wake alikuwa anaolewa, na wanawake wa nyumbani kwao walikuwa wamekaa wakazungumza. Walitaka picha. Walitaka zipigwe na mwanamke, zisafishwe na mwanamke, zikabidhiwe mkononi mwa mwanamke, na zisipite penye jicho la mwanamume hata la dakika. "We utaweza?" akaniuliza. Mimi, mdomo wangu unaujua, nikajibu, "Naweza." Sikuwa naweza hata kidogo.

Nikamwendea Papa Kasongo, nikaidai na kamera yangu. Nilimweleza kila kitu, na yule mzee alishika kichwa. Alisema ataniosha hizo aibu zote kwa kunifundisha, lakini filamu yenyewe hataiona, amekula kiapo. Basi tukafanya hivi. Chumba chetu cha stoo baba yako alikiziba kila tundu kwa lami ya gereji. Mimi ndani gizani na dawa zangu kwenye mabakuli. Papa Kasongo nje, amekaa juu ya bidoni la maji, mgongo umeegemea mlango, ananifundisha kwa kupiga kelele. "Mama, shika filamu kwenye ukingo! Usiguse katikati! Zungusha pole pole! Sasa mimina!" Watu wakipita wanamuona mzee mzima anafoka peke yake, wakasema Papa Kasongo amepata wazimu, anafundisha mlango.

Shida ikawa saa. Dawa ya kwanza inataka muda wake kamili, ikipungua picha haitoki, ikizidi inaungua. Saa gizani huioni, na yeye nje alikuwa anasahau kuhesabu kila anapopita mtu wa kusalimiana naye. Nikamwambia, "Papa, acha. Nitapima kwa wimbo." Nilikuwa na wimbo wetu wa hina, ule wa kumtoa bibi harusi chumbani, nimeupiga mara ngapi sijui, haurefuki wala haufupiki. Tulipima na saa yake nje kwenye mwanga, ukaingia sawasawa na muda wa dawa. Basi nikaingia gizani nikaanza kuimba huku natikisa bakuli kila penye pigo la ngoma. Nje nasikia, "Mama, unaimba ao unaosha?" Nikamjibu, "Naimba ndio naosha!"

Filamu ya kwanza niliiunguza. Unajua kwa nini? Nilirudia kiitikio. Wimbo ulinikolea, Shamsa, uko peke yako gizani, sauti inarudi vizuri ukutani, unafika mwisho, na hakuna mwanamke wa Buyenzi anayefika mwisho wa wimbo ule bila kurudia kiitikio. Nikarudia. Nikarudia tena na vigelegele juu. Nyuso zote zikatoka nyeupe kama zimepakwa unga, huwezi kujua yupi mama yupi mwana. Papa Kasongo aliposikia sababu alicheka mpaka bidoni likamwangusha. Bahati ilikuwa filamu ya majaribio, nilikuwa nimepiga mbuzi wa jirani na magari ya baba yako na wanawake wawili wa hapa kwetu. Ya pili niliimba mara moja tu, nikajiziba mdomo na kiganja kilichobaki.

Mdogo wake Zaituni alipoolewa, nilirudi nyuma ya ngoma na kamera shingoni. Mama Mwajuma hakusema kitu, alinikazia jicho. Tukaanza. Na walahi, nilipoinua kamera mara ya kwanza, mikono ikaamka. Nilimuona mama wa bibi harusi amekaa pembeni anajifanya ana shughuli na sinia, nikaona kwenye kioo cha kamera kwamba anataka kulia, nikarudi kwenye ngoma nikashusha, nikapiga ule mwendo mzito wa zamani, wa kwao. Akainuka mwenyewe. Akacheza na binti yake mpaka sinia likasahaulika juani. Mama Mwajuma akageuka nyuma katikati ya wimbo, safari hii akanikuta.

Siku ya kuonyesha picha tulikaa hapa kwetu, mlango umefungwa, baba yako amefukuzwa. Zilipita mkono kwa mkono. Nyeusi na nyeupe tu, lakini hina ilikuwa imekolea kuliko ilivyokuwa mwilini. Kelele za siku hiyo sitazisahau. "Angalia huyu! Niangalie mimi!" Bibi yake Zaituni aliletwa kwa kushikwa mkono, akaishika ile picha ya zamani, ile ya dirishani, karibu kabisa na jicho lililobaki, akashangaa, "Yampayinka, huyu mutoto alikuwa anafurahi hivi na mi nilikuwa jikoni?" Halafu ikamfikia Mama Mwajuma picha yake mwenyewe, anaimba, mishipa ya shingo imetoka, macho yamefungwa. Alikuwa ameimba maisha yake yote na hajawahi kujiona anaimba. Aliigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena. Nilidhani atanifukuza tena. Akasema, "Kumbe niko munene hivi?" Wote tukafa kwa kicheko, na yeye machozi yanamtoka. Jioni, wakati wa kutoka, akanishika sikio kama mtoto. "Lile neno nililokwambia, la kuchagua. Nilikosa. Beba vyote viwili."

Toka hapo hakuna sherehe tuliyokosa. Walituita mpaka Musaga, walituita Kigobe kwenye nyua za wakubwa, na kila mahali walisema hivyo hivyo, waje wale wenye ngoma na kamera. Nimefunga hina za wanawake wa mji huu kwenye makaratasi, na hakuna mwanamume aliyeona hata moja. Mimi, binti wa fundi cherehani wa Avenue ya Kumi na Moja. Nikifa leo nitazikwa nimeringa.

Hapa ungenikatiza ungesema, Mama, hayo ni ya zamani, mimi nakwenda Dar kwenye jukwaa lenye taa, watu wote wana simu, nani anahitaji kamera yangu? Nakujibu kwa Jumamosi iliyopita.

Zaituni amemwoza binti yake. Simu zote zikawekwa kwenye kapu mlangoni, kama desturi ya siku hizi. Ulikuwa na besi yako, mimi na ngoma, mgongo wangu ukilalamika. Katikati ya wimbo wa kumtoa bibi harusi, wewe ukaacha nyuzi pale pale ambapo besi haina kazi, ukachukua kamera, mimi nikadhani unampiga bibi harusi. Jumapili ukanionyesha. Ilikuwa mimi. Nimekaa na ngoma, kilemba kimelegea, jasho linanitoka, nacheka na pengo la jino langu lililopotea linaonekana wazi. Nikaichukua nikaenda nayo chooni ili msinione.

Mwanangu, nimepiga picha za wanawake wa mji mzima, na mimi sikuwa na yangu hata moja nikipiga ngoma. Nani angenipiga? Kamera ilikuwa shingoni kwangu. Ungeniuliza kabla ya Jumamosi kama inaniuma ningesema wala. Kumbe iliniuma sana. Na picha ile hakuna mtu mwingine angeipiga, na simu yake, na taa zake, hata aje na mzigo wa vyombo. Ulijua nitacheka kabla sijacheka, kwa sababu besi yako ndiyo iliyonichekesha. Ulinichokoza pale kwa ule mwendo wako wa ujeuri, ukajua mama yako atajibu.

Sasa hasira yangu ya juzi imepoa, na leo asubuhi nimefanya jambo ambalo utanikasirikia. Nilichukua namba kwenye simu yako, nikampigia Rajabu.

Usipige kelele, soma kwanza. Sikumwomba ruhusa yoyote, mimi siombi ruhusa kwa watoto wa watu. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamwambia mimi ni mama wa yule mtu wa nusu nusu. Nikamwambia, "Baba, nataka kuwaona watu ambao mwanangu atakula nao. Nitumie picha ya kila mwanabendi akiwa kazini." Akasema hakuna shida mama, tena anazo tele. Zikaanza kuingia. Yeye mwenyewe, mbele, na kipaza sauti. Yeye na wachezaji. Yeye na mpiga gitaa. Yeye tena. Nikampigia. "Na mpiga ngoma wenu?" Akasema, "Side? Yupo hapo nyuma mama, angalia vizuri." Nikaangalia vizuri. Niliona sahani za ngoma, zile za shaba, na mkono. Nikamwambia, "Huyu hana kichwa."

Akacheka. Akasema atatafuta, atanitumia.

Alinipigia baada ya adhuhuri, na sauti ilikuwa nyingine. "Mama, nimetafuta kwenye simu yangu, nimeuliza wenzangu wote. Hayupo. Kila picha uso umefunikwa na sahani. Nimefanya naye kazi tangu tunaanza, mama, na sina picha yake hata moja akipiga." Halafu akasema, taratibu, kama anajisemea mwenyewe, kwamba mama yake Side yuko Tabora na kila wakipiga simu humuuliza mwanawe, hivi huko unafanya nini hasa? Na Side humtumia picha amesimama kwenye geti la hoteli.

Mimi nikanyamaza. Mara ya pili wiki hii, baba yako angeita daktari.

Rajabu akasema, "Mwambie Shamsa aje na kamera. Lakini mama, akikosa noti moja kwa sababu yake..." Nikamkata. "Akikosa noti moja kwa sababu ya kamera, mpandishe basi siku hiyo hiyo, nitampokea mimi mwenyewe stendi na fimbo." Akacheka tena, na nikajua tumeelewana.

Kwa hiyo ile sababu uliyotupa mezani haipo tena, nimeiondoa. Kilichobaki ni wewe. Kama unaiacha kamera kwa sababu umeichoka, iache, sitanuna, nitaitunza na nitaipangusa vumbi kila Ijumaa. Kuna watu chombo kimoja kinawatosha na wanaishi vizuri. Mimi sikuwa hivyo, na sidhani uko hivyo, lakini mimi ni mama yako tu, sikai kifuani mwako. Nisichotaka ni uiache kwa sababu mtu mmoja mkubwa alikupa neno moja la haraka. Mimi neno kama hilo lilinila miezi, na aliyelisema alikuja kuniambia amekosa. Wengine hawaji kusema.

Na ukiibeba, utakosea, usiogope. Utaunguza kitu, utapiga picha ambayo mtu hakutaka, utachelewa kurudi kwenye nyuzi na wenzako watakutazama vibaya. Ukikosea waulize walioumia ni nini hasa kimewauma. Usijikatie hukumu mwenyewe kama nilivyofanya mimi, utajifungia kitu kisichohusika.

Nasikia watu nje wanakwenda kuswali alasiri, na wewe bado unalishwa Ngagara. Sijui saa hizi umeamua nini na sitakuuliza usiku huu, nimekula kiapo, baba yako ni shahidi. Nina ombi moja. Ukifika, ukitulia, ukishajua nyimbo zao vizuri kiasi cha kujua huyo Side atacheka wapi, nenda ukasimame nyuma ya zile sahani. Usinitumie mimi hiyo picha. Itume Tabora.

Mimi mama yako Salama,
mpiga ngoma.